Nani Alimlipia Bismarck Vita Vyake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari. Kila ninapofundisha kuungana kwa Ujerumani huwaeleza wanafunzi hotuba ya Septemba 1862 ya Otto von Bismarck, Waziri Mkuu wa Prusia, ufalme wa Kijerumani ulioongoza kuungana huko, ile aliyosema kwamba mambo makubwa ya zama zile yangeamuliwa kwa chuma na damu. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza: ikiwa bunge la Prusia lilikuwa limekataa kupitisha bajeti, chuma hicho kilinunuliwa kwa fedha za nani? Nilimwahidi jibu, na sijalipata. Mwalimu mwenzangu anasema alikuwapo Myahudi mmoja mwenye benki aliyemfadhili Bismarck, lakini jina halikumbuki. Naomba msaada wenu.

JIBU: Mwalimu, mwenzako amekumbuka vizuri, ila neno "kumfadhili" linahitaji kusahihishwa, na tutaliendea polepole. Mtu huyo ni Gerson Bleichröder, aliyezaliwa Berlin mwezi Desemba 1822 na kufariki katika mji huo huo Februari 1893. Baba yake, Samuel, alianza mwaka 1803 na kiduka cha kubadilisha fedha, wakati ambapo Wayahudi wa Berlin walikuwa bado wakiishi huko kwa vibali. Amri ya kifalme iliyowafanya raia wa Prusia ilitolewa mwaka 1812, na hata hiyo haikuwafungulia milango ya utumishi wa serikali. Kilichokiinua kiduka hicho ni uhusiano na ukoo wa Rothschild. Ukoo huo ulikuwa na benki Frankfurt, London, Paris, Vienna na Naples, lakini haukuwa na tawi Berlin, kwa hiyo ulihitaji mtu mwaminifu wa kuununulia na kuuuzia hatifungani, yaani hati za mikopo, katika soko la huko na kuupelekea habari. Samuel aliifanya kazi hiyo kwa unyenyekevu na kwa hesabu zisizo na doa, na alipofariki mwaka 1855 Gerson, mwanawe mkubwa, aliirithi benki pamoja na uhusiano huo.

Bismarck alikutana na jina lake kwa njia ya kawaida kabisa. Mwaka 1859, alipokuwa akiondoka Frankfurt kwenda St. Petersburg kuwa balozi wa Prusia, alimwomba Mayer Carl von Rothschild, aliyekuwa akimtunzia fedha zake, amtajie mwenye benki wa kutegemewa mjini Berlin, naye akatajiwa Bleichröder. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka 30, Bleichröder ndiye aliyepokea mshahara wa Bismarck, akalipa madeni yake, akamnunulia hatifungani na hisa, na baadaye, bwana huyo alipopata shamba la Varzin na msitu wa Friedrichsruh, akafuatilia mapato na rehani zake. Bismarck alipenda kujionyesha kuwa kabaila wa shambani asiyejali mambo ya fedha, lakini mtu anayefuatilia barua zao atakutana na mteja aliyeijua riba ya kila hati aliyokuwa nayo.

Sasa tufike kwa mwanafunzi wako. Bismarck alipofanywa Waziri Mkuu wa Prusia mwaka 1862, wabunge walikuwa wamekataa kuidhinisha matumizi ya mageuzi ya jeshi aliyoyataka Mfalme Wilhelm. Bismarck aliendelea kukusanya kodi zilizokuwapo na kuzitumia bila bajeti iliyopitishwa, na hali hiyo ikadumu miaka minne. Kwa hiyo jibu la kwanza la kumpa kijana ni kwamba chuma kilinunuliwa kwa fedha za walipa kodi wale wale ambao wawakilishi wao walikuwa wamekataa. Kodi hizo na akiba ya hazina zilitosha kwa siku za kawaida, na hata kwa vita vifupi dhidi ya Denmark mwaka 1864, lakini zisingetosha kupambana na dola kubwa kama Austria. Kukopa pia kulikuwa na kikwazo, kwa sababu mkopo mpya wa serikali ulihitaji idhini ya bunge, na mkopeshaji yeyote mwenye akili timamu angejiuliza kama bunge la kesho lingelitambua deni lililofanywa kinyume cha katiba.

Hapo ndipo Bleichröder alipoonyesha thamani yake, na alichotoa hakikuwa fedha zake mwenyewe. Serikali ya Prusia ilikuwa imeisaidia kampuni ya reli ya Köln-Minden tangu kuanzishwa kwake: ilikuwa na hisa ndani yake, iliidhamini riba ya wanahisa, na ilikuwa na haki ya kuzinunua hatua kwa hatua hisa zilizobaki mpaka reli yote iwe mali ya taifa. Bleichröder alishauri kwamba haki hiyo ni mali inayoweza kuuzwa. Katika kiangazi cha 1865 mkataba ulitiwa saini: serikali iliacha haki yake ya kuinunua reli, na kampuni ikakubali kuilipa takriban thaler (sarafu ya Prusia) milioni 13, sehemu kwa fedha taslimu na sehemu kwa hisa mpya ambazo serikali ingeweza kuziuza ikihitaji. Kwa kuwa huo haukuwa mkopo, Bismarck aliweza kudai kwamba hakuhitaji ruhusa ya mtu. Wabunge wa mrengo wa kiliberali walipiga kelele kwamba katiba imevunjwa, na kwa maoni yetu walikuwa na hoja, kwani mali ya umma iliuzwa bila umma kuulizwa. Lakini tarehe 3 Julai 1866 jeshi la Prusia liliwashinda Waaustria huko Königgrätz, na miezi miwili baadaye bunge jipya, lililochaguliwa siku ile ile ya vita hivyo, lilipitisha sheria ya kuyahalalisha matumizi yote ya miaka iliyopita.

Tunaomba umweleze mwanafunzi tofauti hii, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo. Bleichröder hakumpa Bismarck fedha za vita kama mtu anavyompa mwenzake nauli. Alimwonyesha mahali fedha zilipo na jinsi ya kuzifikia bila kupita mlango wa bunge. Vita vya 1870 dhidi ya Ufaransa havikuhitaji ujanja wa namna hiyo, kwani safari hiyo wabunge waliidhinisha mikopo wenyewe. Bleichröder aliitwa mwishoni, Februari 1871, kwenda Versailles, karibu na Paris, kushauri jinsi Wafaransa walioshindwa watakavyolipa fidia ya vita. Kiasi kilichokubaliwa, faranga bilioni 5, kilikuwa kikubwa mno kiasi kwamba swali halikuwa tu kama Ufaransa inazo, bali fedha nyingi kiasi hicho zitavukaje mpaka bila kuyavuruga masoko ya Ulaya yote. Malipo yalikamilika Septemba 1873, kwa sehemu kubwa kwa hundi za biashara zilizopitia mikononi mwa wenye benki wa nchi mbalimbali. Bleichröder alitunukiwa Msalaba wa Chuma, nishani ya kijeshi, ingawa hakuwa amebeba bunduki.

SWALI: Nimesoma makala inayodai kwamba Ujerumani ya wakati wa Bismarck ilitawaliwa nyuma ya pazia na Wayahudi wenye mabenki, na mfano uliotolewa ni mtu aliyeshika fedha za Bismarck mwenyewe. Je, dai hilo lina ukweli wowote?

JIBU: Hapana. Tena dai hilo lina tarehe yake ya kuzaliwa, jambo ambalo mwandishi wa makala hiyo pengine hakulitaja. Mwaka 1873, baada ya miaka miwili ya pupa ya kuanzisha makampuni na kuuza hisa, soko la hisa la Vienna liliporomoka mwezi Mei na la Berlin likafuata miezi michache baadaye. Watu wa kila dini walikuwa wamecheza mchezo huo, makabaila wa Prusia wakiwamo, na watu wa kila dini walipoteza. Katikati ya mwaka 1875 gazeti la wahafidhina lililojulikana kama Kreuzzeitung lilichapisha mfululizo wa makala ulioitaja serikali kuwa ya "zama za Bleichröder, Delbrück na Camphausen". Delbrück na Camphausen walikuwa mawaziri, wala hawakuwa Wayahudi, lakini jina lililowekwa mbele ni la Myahudi asiye na cheo serikalini. Shabaha halisi ya makala zile alikuwa Bismarck, ambaye wahafidhina walimkasirikia kwa kushirikiana na waliberali; kumshambulia kupitia mwenye benki wake kulikuwa rahisi na hakukuwa na gharama.

Mtu anayetawala nyuma ya pazia angetarajiwa kupata anachokitaka. Hebu tutazame jambo ambalo Bleichröder alilitaka kuliko mengine, nalo lilihusu Romania. Kuelekea mwaka 1870 mjenzi wa reli aitwaye Strousberg alikuwa ameuza hatifungani za reli za Romania kwa maelfu ya wawekezaji wa Ujerumani, wakiwamo makabaila wakubwa waliokuwa washirika wake, na mradi ulipozama, Bleichröder na benki ya Disconto-Gesellschaft ya Adolph von Hansemann waliombwa kuuokoa ili mabwana hao wasiaibike. Alikubali kwa shingo upande. Wakati huo huo Wayahudi wa Romania walikuwa wakinyimwa uraia na kushambuliwa, na barua za kuomba msaada zilimfikia kutoka jumuiya za Kiyahudi za nchi kadhaa, kwa kuwa aliaminika kuwa na sikio la Bismarck. Katika Mkutano Mkuu wa Berlin wa 1878, ulioamua mambo ya Balkani baada ya vita vya Urusi na Uturuki, mataifa makubwa yaliweka kifungu cha 44 katika mkataba wao, kilichosema kwamba uhuru wa Romania utatambuliwa kwa sharti kwamba dini isiwe sababu ya kumnyima mtu haki za uraia. Yalikuwa mafanikio makubwa kwake, na pongezi zilimiminika.

Furaha hiyo haikudumu. Kumbe Bismarck alikuwa na hesabu yake: aliendelea kuchelewesha kuitambua Romania, akisema anatetea kifungu cha 44, mpaka serikali ya Bucharest ilipokubali kuzinunua reli zile kwa masharti yaliyowafaa wawekezaji wa Kijerumani. Mara jambo hilo lilipotimia, mwanzoni mwa 1880, Ujerumani iliitambua Romania. Sharti la uraia liligeuzwa kuwa utaratibu wa kupokea maombi ya mtu mmoja mmoja, ambao ulimaanisha kwamba Wayahudi wengi wa nchi hiyo walibaki bila uraia hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Haki za watu zilitumiwa kama fimbo ya kudai deni, na deni lilipolipwa fimbo ikawekwa pembeni. Bleichröder, ambaye benki yake ilinufaika na malipo hayo, aliondoka na fedha mkononi na ahadi iliyovunjika, na sidhani kwamba alidanganyika kuhusu kipi kati ya hivyo Bismarck alikithamini.

Mwaka 1880 huo huo Adolf Stoecker, mhubiri wa kasri la mfalme aliyekuwa akiendesha chama cha siasa cha chuki dhidi ya Wayahudi, alimshambulia Bleichröder hadharani kwa utajiri wake. Mwenye benki huyo alimwandikia Kaizari Wilhelm, yule yule Mfalme wa Prusia ambaye sasa alikuwa mtawala wa Ujerumani yote iliyoungana, barua ya kulalamika, akieleza kwamba uchochezi wa aina hiyo ni hatari kwa amani ya nchi nzima. Stoecker alipewa onyo la upole, akabaki na kazi yake. Bismarck, ambaye angeweza kuyazima maneno yale kwa hotuba moja bungeni, hakusimama kumtetea hadharani mtu aliyekuwa akimfanyia kazi kwa miaka zaidi ya 20. Ule mtawala wa siri tulioambiwa habari zake hakuweza hata kumnyamazisha mhubiri mmoja.

Mfano wa mwisho ni wa biashara tupu. Benki ya Bleichröder ilikuwa imejijengea jina katika kuuza hatifungani za serikali ya Urusi mjini Berlin. Novemba 1887 Bismarck, akitaka kuishinikiza Urusi, aliamuru Benki Kuu ya Ujerumani isizipokee tena hatifungani za Urusi kuwa dhamana ya mikopo. Amri hiyo ilikata mzizi wa biashara ambayo Bleichröder aliijenga kwa miongo, naye hakuwa na la kufanya. Warusi waligeukia Paris kutafuta mikopo kuanzia mwaka uliofuata, na urafiki wa Ufaransa na Urusi uliozaliwa humo ukaja kuigharimu Ujerumani pakubwa. Kama mwenye benki huyo ndiye angekuwa na usukani, basi hilo lisingetokea.

SWALI: Wayahudi wengi matajiri wa Ulaya wa karne ile walibatizwa ili wakubalike. Huyu naye alibatizwa? Na "von" katika jina lake aliipataje?

JIBU: Hakubatizwa. Tarehe 8 Machi 1872 Kaizari alimpa cheo cha ukabaila cha kurithiwa na watoto, na tangu hapo akaitwa Gerson von Bleichröder. Kabla yake, Myahudi mmoja tu ambaye hakuiacha dini yake ndiye aliyekuwa amepata cheo hicho Prusia, naye ni Abraham Oppenheim, mwenye benki wa Köln, mwaka 1868. Bleichröder alikithamini cheo hicho kupita kiasi. Alijenga maisha ya fahari, akawa Konseli Mkuu wa Uingereza mjini Berlin, na wakati wa Mkutano Mkuu wa 1878 Disraeli, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikula nyumbani kwake na kumwandikia Malkia Victoria kuhusu utajiri aliouona. Wakubwa wa Berlin walikuja kwenye karamu zake, wakala, wakanywa, kisha wakarudi nyumbani kuandika kejeli katika shajara zao. Walikuwa wakimkopa na kumwomba ushauri wa hisa, na wakimdharau kwa sababu hiyo hiyo.

Ni vigumu kumsoma mtu huyu bila kumhurumia na kukereka naye kwa pamoja. Alitafuta heshima mahali ambapo palikuwa na chuki, akakusanya nishani kama mtu anayekusanya risiti za deni ambalo halitalipwa. Lakini aliendelea kuwa mwanajumuiya wa Kiyahudi wa Berlin, na sauti yake aliitumia kwa ajili ya wenzake waliokuwa hawana mtu wa kuwasemea, hata pale ambapo kunyamaza kungemfaa zaidi. Watoto wake walichagua njia nyingine, na ukoo ukaingia Ukristo. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu kabisa au karibu na kipofu, akiongozwa kwa mkono katika matembezi yake na kusomewa barua zake, huku akiendelea kuendesha benki kwa kumbukumbu.

SWALI: Jina lake hutamkwaje? Na je, alihusika na ule Mkutano wa Berlin wa 1884 ulioigawa Afrika?

JIBU: "Ei" ya Kijerumani husomwa "ai", kwa hiyo ukisema "Blai-khre-da" Mjerumani atakuelewa, ingawa atatabasamu.

Kuhusu mkutano, hakuwa mjumbe, lakini alihusika kwa pembeni, na hapa hatuwezi kumsafisha. Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, alihitaji mataifa makubwa yaitambue jumuiya yake kuwa mwenye mamlaka katika Kongo, na alimtumia Bleichröder kama mtu wa kati wa kufikisha maombi yake kwa Bismarck, ambaye mwanzoni alimwona mfalme huyo kuwa mlaghai. Ujerumani ilitoa utambuzi huo tarehe 8 Novemba 1884, wiki moja kabla ya mkutano kufunguliwa. Ukatili uliofuata Kongo ni wa Leopold na watu wake, lakini mlango ulifunguliwa na watu wa kati waliobeba barua bila kuuliza maswali mengi.

SWALI: Uhusiano wake na Bismarck uliishaje, na benki yake iko wapi leo?

JIBU: Uliisha jinsi ulivyoanza, kwa kazi ya kimyakimya. Machi 1890 Bismarck, aliyekuwa akitafuta wabunge wa kumuunga mkono, alikutana na Ludwig Windthorst, kiongozi wa chama cha Wakatoliki, na aliyeupanga mkutano huo ni Bleichröder. Kaizari kijana, Wilhelm wa Pili, alipopata habari alimjia juu Bismarck, Kansela wake (mkuu wa serikali), kwa kujadiliana na mtu huyo bila idhini, tena kupitia Myahudi, na siku chache baadaye Bismarck alikuwa amejiuzulu. Bleichröder aliendelea kumtunzia fedha. Bismarck alipoandika kumbukumbu zake baada ya hapo, alilipitia jina la mtu huyo kana kwamba alikuwa mpita njia, na kwa miongo mingi wanahistoria wa Kijerumani walifuata mfano wake. Mengi tunayoyajua leo tunadaiwa na Fritz Stern, mwanahistoria aliyezaliwa Breslau na kukimbia Ujerumani na wazazi wake mwaka 1938 akiwa mtoto, ambaye alizipekua kwa miaka mingi maelfu ya barua zilizosalia.

Benki iliendelea chini ya washirika wa ukoo wa Schwabach, kisha ikaungana na ndugu wa Arnhold wa Dresden, na katika miaka ya 1930 Wanazi walipowapokonya Wayahudi mali zao, jina lake lilivuka bahari na kuendelea kufanya kazi New York. Wajukuu hawakulindwa na cheo cha babu yao wala na ubatizo, kwa kuwa sheria za Nuremberg za 1935 zilihesabu dini ya babu na bibi wa mtu. Ukifika Berlin, kaburi lake liko katika makaburi ya zamani ya Wayahudi ya barabara ya Schönhauser Allee, na wageni wanaume huombwa kufunika vichwa kabla ya kuingia.